Siku Tulipogundua Protini ya Mwakitolyo

Ninyi mnaosomea maabara mnanikuta sokoni hapa Shinyanga nikichagua mchicha, mnaniamkia vizuri, halafu mnasogea karibu kama watu wanaotaka kuulizia habari za msiba. "Mama Shija, ni kweli ninyi ndio mliogundua ile protini ya Mwakitolyo?" Ni kweli. Niliigundua mimi, kwa mikono yangu hii. Nikaizika mimi pia. Sasa nimestaafu, hakuna tena wa kuniandikia barua ya kujieleza, kwa hiyo nawasimulia yote. Chekeni mnavyotaka, ila mkimaliza kucheka mkafute vioo vyenu.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilikuwa nini, maana hata marehemu mume wangu aliishi nami miaka mingi akidhani natengeneza jeli ya kupaka nywele. Seli ya mwili ni kiwanda cha protini. Ukiipa kitu, tuseme vitamini, inaweza kuongeza protini hii na kupunguza ile. Sisi tulitaka kuyaona mabadiliko hayo. Tulichukua damu ya mtu, tukatenga seli nyeupe, tukazigawa kwenye chupa mbili. Chupa moja tuliitia vitamini D, nyingine tukaiacha ilivyo. Baada ya siku mbili kwenye kabati la joto tulizipasua seli hizo, tukatoa protini zake na kuzitembeza kwa umeme ndani ya jeli nyembamba yenye ukubwa wa daftari. Kila protini hutembea mwendo wake na kusimama mahali pake. Ukishaipaka jeli dawa ya madini ya fedha, yanatokea madoa, mamia ya madoa, kama mgongo wa ndege kanga. Doa likiwa jeusi zaidi kwenye jeli ya vitamini kuliko kwenye ile nyingine, unaanza kushuku kwamba vitamini imeifanya seli itengeneze protini ile kwa wingi. Basi. Mshahara wangu wote niliupata kwa kutazama migongo miwili ya kanga na kusema imetofautiana wapi.

Aliyenifundisha ni Mzee Maduhu, mzaliwa wa Mhunze, fundi wa maabara wa zamani kuliko jengo. Wakati huo hakukuwa na kompyuta ya kazi hiyo. Tuliweka jeli juu ya sanduku la taa, tukaifunika kwa karatasi inayopenyeza mwanga, tukachora kila doa kwa penseli. Jeli moja ilikula siku nzima. Mzee Maduhu alisema "plotini" kwa ile lafudhi yetu ya nyumbani, na wataalamu waliokuja kututembelea walitabasamu kidogo kila alipolitamka neno hilo. Lakini walipoondoka, madaftari yao yalikuwa yamejaa maneno yake.

Kanuni yake aliitoa kwenye darubini. Ukiona kitu cha ajabu, alisema, zungusha kwanza. Kikizunguka pamoja na slaidi, kipo kwenye slaidi. Kikibaki pale pale, kipo kwenye kioo chako. Kisipokuwepo kote kuwili, kipo kichwani mwako, nenda kanywe chai.

Nilimletea makosa mengi yule mzee. Mwezi wangu wa kwanza nilishika jeli bila glavu, na dawa ilipokolea tukaona mstari mzuri mweusi ambao haukuwahi kuonekana kwa mgonjwa yeyote. Nilifurahi hadi nikashindwa kula. Mzee Maduhu aliutazama, akaushika mkono wangu, akautazama na wenyewe, akasema tumegundua kidole cha Minza, yaani changu mimi. Ngozi ya binadamu ni protini, watoto wangu. Mara nyingine nilisuuza jeli kwa maji ya bomba, kwa kuwa yale yaliyochujwa yalikuwa yameisha na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye kitchen party. Maji yetu yana chumvi. Chumvi ilikutana na ile dawa ya fedha, jeli ikawa nyeupe kama maziwa ya mgando, na kazi ya wiki mbili ikaishia kwenye ndoo. Hakunigombeza. Aliniambia niende nikamweleze mgonjwa kwa nini tunahitaji damu yake tena. Nilienda. Tangu siku hiyo sijawahi kusuuza jeli kwa maji ya bomba, na sijawahi kuwahi kitchen party.

Kisha kompyuta ikaja. Ilikuja pamoja na skana, ile mashine ya kupiga picha ya jeli, na pamoja na Daktari Festo, kijana msomi, mwembamba, mwenye adabu ya kuamkia hata mlinzi. Alikuwa mkuu wa mradi mpya. Kabla hatujaigusa mashine tulifanyiwa semina ya siku tano. Siku ya kwanza ilikuwa ya ufunguzi. Siku ya pili tulijitambulisha. Siku ya tatu tuliweka matarajio yetu kwenye karatasi za rangi na kuyabandika ukutani. Siku ya nne tulifundishwa kubonyeza. Siku ya tano ilikuwa ya kufunga, na kila mmoja akapewa cheti kilichosema amebobea.

Mzee Maduhu alikuwa na wiki moja tu kabla ya kustaafu, lakini cheti naye alipewa. Kesho yake saa nne, wakati wa chai, alitandika karatasi safi ya nailoni juu ya kioo cha skana, akaweka chapati, akabonyeza kama tulivyofundishwa. Kompyuta ikafikiri, ikazungusha ile alama yake, ikaleta jibu. Ilikuta protini zaidi ya mia katika chapati ile, ikazipa kila moja namba, uzito na jina la muda. Palipoungua zaidi iliandika kwamba protini imeongezeka sana.

Sote tulicheka isipokuwa Daktari Festo, aliyesema kwa upole kwamba chapati haimo katika mwongozo wa mashine. Mzee Maduhu alichukua chapati yake, akaikunja, akaanza kuila. "Mashine ni nzuri," alisema. "Ila haijui kusema sijui."

Akastaafu, akarudi Mhunze kwenye ng'ombe wake, na mimi nikabaki mkubwa wa chumba cha jeli.

Mradi wenyewe ulikuwa wa maana, msidhani nadharau. Vitamini D mwili huitengeneza kwa jua, na mchimbaji mdogo anayeshinda ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, jua analiona kwa nadra kama mgeni wa mbali. Tuliuliza hivi: ukichukua seli zake ukazipa vitamini hiyo, zitatengeneza protini gani ambazo hazikuwa zikitengeneza? Swali zuri. Tukaenda Mwakitolyo kuchukua damu.

Huko ndiko nilikomjua Jilala. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke na watoto wawili Ushetu, aliyetoka kwenye kilimo cha tumbaku akafuata dhahabu. Alianza shimoni, kisha akahamia kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe kabla ya kuosha dhahabu. Karasha hutoa vumbi jembamba la kuingia hadi kwenye ndoto. Njia ya kulizuia ni kumwagia mawe maji yanaposagwa na kuvaa barakoa, na wakati huo mwenye karasha hiyo, bwana mmoja aitwaye Mabula, alikuwa analeta maji kwa boza, akinung'unika kila boza linapoingia.

Jilala alininyooshea mkono bila woga, akatazama damu yake inavyopanda kwenye sindano, akaniuliza, "Mayu, hii vitamini yenu itazuia vumbi?"

Mayu kwa Kisukuma ni mama, na mtu akikuita mayu unataka kumpa jibu zuri. Jibu la kweli lilikuwa fupi: hatupimi vumbi, tunapima seli kwenye chupa. Lakini nilikuwa na foleni ya watu ishirini nyuma yake. Nilimwambia, "Tutaona." Lile neno moja nimelijutia kuliko jeli zote nilizoharibu.

Tulirudi maabara tukaanza kazi. Mimi, kama mnavyonijua, ni mtu nadhifu. Nilibandika kona ya rula kwenye kioo cha skana ili kila jeli ikae mahali pale pale. Jeli isiyo na vitamini niliiweka kushoto, yenye vitamini kulia, zote mbili zikapigwa picha kwa pamoja. Kila siku hivyo hivyo, bila kupotoka hata unene wa unyoya. Daktari Festo alinisifu mbele ya wenzangu kwa utaratibu huo. Nilisimama nikiwa nimejaa kama mtungi.

Jeli zilipokuwa karibu kwisha, kompyuta ikatangaza. Katika jeli za vitamini, upande wa chini kulia, kulikuwa na doa ambalo halikuwepo hata kidogo kwenye jeli zisizo na vitamini. Kwa wachimbaji wote. Mnene, mwembamba, mzee, kijana, doa lilikuwa lile lile, mahali pale pale, weusi ule ule.

Hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipopaswa kushtuka. Kitu chenye uhai hakilingani namna hiyo. Pima urefu wa mapacha, hata Kulwa na Doto hawatalingana. Protini ya watu arobaini ikikupa jibu moja lisilopinda, usipige vigelegele, tafuta ulipokosea. Mimi nilipiga vigelegele. Nilivipiga kweli, ndani ya chumba cha jeli, na mhudumu wa usafi akaja mbio akidhani nimejifungua.

Kwa kuwa doa halikuwa kwenye orodha yoyote, Daktari Festo aliliita Protini ya Mwakitolyo. Alisema ni vema wananchi wa eneo husika wajisikie kumiliki matokeo. Zikachapwa fulana. Kifuani kulikuwa na mchoro wa doa letu, likiwa limekuzwa, na watu waliozivaa walionekana kama wamemwagikiwa na mchuzi. Bango likaagizwa. Mgeni rasmi akatafutwa.

Utaratibu ulitaka pia tulikate doa kwenye jeli na kulipeleka ng'ambo, likatambuliwe ni protini ya aina gani. Nilikata vipande vitano pale kompyuta iliponionyesha. Ajabu ni kwamba kwenye jeli yenyewe, kwa macho yangu, sikuona kitu. Nikajiambia macho yangu yamezeeka. Majibu yalirudi yakisema katika vipande vile hakuna protini yoyote. Daktari Festo aliyasoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema mashine za wenzetu bado hazijafikia uwezo wa kuiona. Nikakubali. Mbele ya cheti na kompyuta na fulana, nani angesikiliza macho ya bibi?

Halafu akaenda redioni. Nilimsikiliza nikiwa napepeta mchele. Alisema mengi ya kitaalamu, na mtangazaji akawa anakohoa kwa uchovu, hadi alipoombwa aeleze kwa lugha rahisi. Hapo ndipo Daktari aliposema kwamba protini hii inaweza kuwa ngao ya mchimbaji. Neno "inaweza" alilitamka vizuri kabisa, mimi ni shahidi. Ila redio za Shinyanga zina mkwaruzo, na neno lile halikufika Mwakitolyo.

Wiki mbili baadaye nilienda kule kuchukua damu ya mara ya pili. Kabla gari halijasimama niliona wingu jeupe. Karasha ya Mabula ilikuwa ikinguruma kavu kabisa. Mapipa ya maji yalikuwa yamelazwa ubavu, kuku wanalala ndani. Mbele ya mashine alikuwepo Jilala, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, kope zimejaa vumbi, hana barakoa, anakohoa huku amejishika kiuno kama mwanamke mjamzito anayeinuka.

Aliniamkia kwa furaha. Akatoa mfukoni kichupa cha vidonge vya vitamini alichonunua dukani, akanionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto. Aliniambia Mabula ameacha kuleta maji, kwa sababu wataalamu wamegundua ngao, na kila mfanyakazi sasa anajitegemea kwa kichupa chake. Yeye anakunywa viwili asubuhi na viwili jioni. Kikohozi kimezidi, lakini anadhani ni uchafu unaotoka.

Nilimwambia aache kazi ile leo hii mpaka maji yarudi. Akanitazama bila hasira.

"Mayu, si ninyi mlisema?"

Nilichukua damu, nikapanga chupa kwenye sanduku, na dereva akaanza safari ya kurudi Shinyanga. Nilikuwa nafikiri kwamba hata kama doa lile ni la kweli, halisemi chochote kuhusu vumbi. Na nilipofikiri "hata kama," ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu nilijua kwamba sijawahi kuzungusha.

Kesho yake niliwahi kazini. Nilitoa kila kitu juu ya kioo cha skana, nikakifuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, nikaweka karatasi ya nailoni mpya, tupu. Nikabonyeza. Kompyuta ikafikiri, ikaleta jibu. Upande wa kushoto, hakuna kitu. Upande wa kulia, chini, Protini ya Mwakitolyo, imeongezeka sana.

Nilifungua kioo kwa bisibisi. Kwa ndani, upande wa chini, kulikuwa na tone dogo la dawa ya fedha lililokauka, dogo kama mbegu ya mchicha. Siku za mwanzo niliweka jeli ikiwa bado inachuruzika, dawa ikapenya ukingoni, ikaganda pale ambapo kitambaa hakifiki. Ukichanganya na rula yangu na unadhifu wangu, kila jeli ya vitamini iliwekwa sawasawa juu ya tone lile. Ningechanganya pande, leo kushoto kesho kulia, kompyuta ingeligundua siku ya tatu. Ningepiga picha ya kioo kitupu kila asubuhi, nisingeanza kabisa. Ningegeuza jeli moja tu, kama yule mzee wa Mhunze alivyonifundisha, tone lingebaki limeduwaa peke yake.

Nilimwita Daktari Festo nikamwonyesha. Nawaomba msimcheke sana. Aliketi chini, akavua miwani, na kwa muda alikuwa mtoto wa mtu tu, amechoka. Aliuliza kama kuna uwezekano wa tone na protini kuwa mahali pamoja kwa bahati mbaya. Nikamwambia upo, kama ulivyo uwezekano wa ng'ombe kupanda mti. Akasema uzinduzi ni Jumatatu, mgeni rasmi amethibitisha, na baada ya sherehe tutatoa ufafanuzi wa kitaalamu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Daktari," nilimwambia, "huko wanavuta vumbi sasa hivi."

Akasema anaelewa, ila tufuate taratibu. Akanikumbusha kwa heshima kwamba nimebakiza miezi mitatu nistaafu, na kwamba kosa, kwa kweli, lilikuwa kwenye dawati langu. Lilikuwa kwenye dawati langu, ndiyo. Ndiyo maana niliona ni langu kulirudisha. Niliandika barua ya ukurasa mmoja nikieleza tone, kioo na rula, nikatia sahihi yangu, nikaiacha mezani kwake, na nakala kwa wakubwa. Kisha nikamwomba dereva, ambaye mama yake alikuwa rafiki yangu wa kwaya, tuende Mwakitolyo Jumamosi. Tulibeba skana na kompyuta.

Mabula alitupokea vizuri akidhani tumemletea fulana. Nilimwomba azime karasha kidogo nitumie umeme wa jenereta yake. Watu wakakusanyika, Jilala mbele, na akina mama waponda mawe na watoto migongoni. Sikuhutubia. Niliwaonyesha karatasi ya nailoni, wakaishika wenyewe kuona kwamba haina kitu. Nikaiweka, nikabonyeza, doa likatokea kwenye kioo cha kompyuta. Nikawaambia, hilo ndilo doa mlilolisikia redioni. Kisha nikaigeuza nailoni upande, nikabonyeza tena. Doa pale pale. Nikaiondoa kabisa. Doa pale pale.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa saa nzima, nimeandika hata mifano. Sikuhitaji. Watu wale wameuza dhahabu maisha yao yote kwa wanunuzi wenye mizani ya mfukoni. Nilipokifungua kioo kwa bisibisi, mama mmoja mponda mawe alikishika, akapitisha kidole chini yake, akalipata lile tone kavu.

"Mizani yenu imebandikwa kitu chini," akasema.

Ndivyo hivyo. Mimi na Daktari na semina ya siku tano hatukuwahi kulisema vizuri hivyo. Nilisema ndiyo, na aliyekibandika ni mimi, bila kujua, na kwamba vitamini haizuii vumbi, hakuna aliyewahi kupima jambo hilo, na kwamba Jilala aliponiuliza mara ya kwanza nilipaswa kumjibu hivyo badala ya kusema tutaona.

Nilitegemea matusi na nilikuwa nimeyastahili. Mabula alisema basi, tumesikia, tuwashe mashine. Hakuna aliyeiwasha. Jilala alikwenda taratibu kwenye mapipa, akafukuza kuku, akasimamisha pipa la kwanza, kisha la pili. Halafu akakaa juu ya la tatu akakunja mikono. Wengine wakakaa chini. Mabula alizunguka akipiga simu, akaeleza habari za hasara, akamtaja hata Mungu. Saa nane mchana boza la maji likaingia.

Mtauliza uzinduzi uliishaje. Ulifanyika. Barua yangu ilikuwa imefika kwa wakubwa, na kufuta sherehe kulihitaji vikao vingi kuliko kuifanya. Kwa hiyo juu ya maneno "Uzinduzi wa Protini" kwenye bango kulibandikwa karatasi iliyosema "Siku ya Ubora wa Maabara." Mgeni rasmi alisoma hotuba ile ile iliyokuwa imeandaliwa, ila kila palipokuwa na protini alisoma ubora. Alituambia ubora umegunduliwa Mwakitolyo, ubora unaongezeka kwa kutumia vitamini, na ng'ambo bado hawajafikia uwezo wa kuuona. Watu walipiga makofi. Siku hizi Daktari Festo anafundisha semina za kupima kwa picha za kompyuta, na nasikia anaanza kila semina kwa kupiga picha ya kioo kitupu. Hilo namsifu kwa moyo wote.

Miezi yangu mitatu ya mwisho nilirudia kazi yote. Kioo kipya. Pande zilichanganywa kwa kurusha shilingi. Chupa zilipewa namba na mtu mwingine, nisijue ipi ina vitamini hadi mwisho. Sikugusa mwanga wa picha ili ipendeze, na ninyi msiguse, picha inayopendeza ni ya arusi. Tulipofungua namba, yalikuwepo madoa matatu yaliyokolea kidogo kwenye jeli za vitamini, kwa wachimbaji wengi, si wote, huyu zaidi na yule kidogo, kama ilivyo kwa viumbe. Tulikata madoa hayo tukayapeleka ng'ambo, na wenzetu wakakuta protini. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna aliyechapa fulana.

Nilikwenda Mwakitolyo mara ya mwisho kuwapa majibu yao, maana damu ni yao. Jilala hakuwepo kwenye karasha. Picha ya kifua ilikuwa imeonyesha kovu ambalo halitaondoka, na daktari wa hospitali alimkataza vumbi moja kwa moja. Nilimkuta kwenye kibanda cha kuuza vocha na betri, amekonda, anapumzika kila baada ya sentensi. Sijui ni kiasi gani cha kovu lile kilitokana na zile wiki mbili na kiasi gani kilikuwepo tangu zamani. Hakuna kompyuta inayoweza kunitenganishia hilo, na nimejaribu kulitenganisha mwenyewe mara nyingi.

Alinipa kiti. Aliniuliza, basi mayu, vitamini inafanya kazi au haifanyi?

Nikamwambia hivi: ukizitoa seli mwilini ukaziweka kwenye chupa, inazifanya zitengeneze protini chache kwa wingi zaidi, kidogo tu. Ndani ya mwili hatujui. Vumbi hatukupima.

Alivuta pumzi yake fupi.

"Hilo," akasema, "ningelielewa hata siku ile ya kwanza."